Sura Iliyoshonwa

Soipan alilala kifudifudi kati ya cherehani na meza ya shanga, mkono mmoja umenyooka kama mtu anayetaka kuokota kitu. Nywele za kisogoni zilikuwa zimegandamana kwa damu. Pasi ya makaa ilianguka kando yake, majivu yamemwagika hadi mlangoni.

Inspekta Mbeke alichuchumaa. Hakumgusa.

"Nani alimkuta?"

"Mama mboga wa hapo nje," Sajini Otiende akajibu. "Alikuja kumsalimia asubuhi, akakuta mlango umerudishwa tu. Na mkubwa, hii kazi imeisha kabla ya chai. Angalia hicho kiti."

Kwenye kiti cha kando ya mlango palikuwa na mtandio wa zambarau, umekunjwa vizuri. Pembeni ulitariziwa jina kwa uzi mweupe: Florence.

"Florence ni nani?"

"Mke wa Isaac, yule wa duka la dawa za mifugo. Jana alisimama hapa nje, nusu ya Kitengela ikimsikia, akamwambia marehemu atammaliza. Twende tumlete?"

Mbeke aliutazama mtandio, akatikisa kichwa.

"Rahisi mno."

"Rahisi si dhambi, mkubwa."

"Mtu aue, kisha akunje mtandio wenye jina lake, auache kitini, aende zake? Kuna anayetaka tumkamate Florence."

Otiende alishusha pumzi. Alimjua bosi wake. Droo yake ya ofisini, chini ya mafaili, ilijaa riwaya kuukuu za upelelezi: nyumba kubwa, wageni wachache, maiti moja, na mpelelezi anayewakusanya wote sebuleni mwishoni. Vijana wa kituo walimcheka. Nani bado anasoma hayo, na simu iko mkononi?

Mbeke hakuwahi kuwajibu. Kabati lake lilikuwa na kesi ambazo zisingefungwa kamwe: shahidi amehama, ndugu wamenyamaza, mshukiwa anapita barabarani akipunga mkono. Katika riwaya zile, hata mambo yavurugike vipi, lazima mtu mmoja aseme ukweli wote kabla ya ukurasa wa mwisho. Ukweli huo aliunywa kama maji.

Ndiyo maana duka hili lilikuwa limemkaa rohoni kama mwiba. Kila Jumamosi wapenzi wa riwaya hizo walikutana humu. Walikuwa na kitabu kimoja, nakala moja, kinazunguka nyumba kwa nyumba. Lakini kabla ya kukitoa, Soipan alikikata sura ya mwisho kwa wembe, akaishona kingo zote kwa uzi na shanga nyekundu, akaifungia kwenye kopo. Siku ya siku, kila mtu alimtaja muuaji wake na kutoa sababu. Aliyepatia ndiye aliyekata uzi na kuwasomea wenzake.

Mbeke aliwahi kuomba kuingia. Soipan alicheka.

"Afande, wewe utatuharibia mchezo. Baki na maiti zako."

Tangu hapo, kila Jumamosi miguu yake ilimpitisha mbele ya duka hili. Alisikia vicheko ndani, na wivu ukamshika.

Sasa kopo lilikuwa wazi juu ya meza. Ndani kulibaki kipande cha uzi na shanga chache. Sura haikuwamo.

"Unaona?" Mbeke akasema. "Muuaji ni msomaji."

*

Msomaji aliyepatikana upesi ni Abdiaziz, mfanyabiashara wa mbuzi. Alikiri kwamba alikuja dukani siku ile.

"Ulitaka nini?"

"Mwisho wa kitabu. Nilikuwa na safari ya kupeleka mbuzi, Jumamosi singekuwepo. Nikamwomba anisomee peke yangu."

"Akakataa."

"Alikataa, akaniita mwizi wa mwisho. Tukarushiana maneno. Kisha nikaenda."

"Na mtandio wa Florence?"

"Mtandio gani, madam? Walahi mimi najua mbuzi na vitabu."

Mbeke alimweka ndani. Kesho yake angefikishwa mahakamani Kajiado, kwa shtaka la kuua.

Asubuhi alipita seli kumwona. Abdiaziz alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu.

"Madam, naomba kitu kimoja. Mkiipata hiyo sura, msiniambie iliishaje."

"Unakabiliwa na shtaka la mauaji, unawaza riwaya?"

"Nikiwaza kizimba nitashindwa kupumua, kwa hivyo nawaza riwaya. Mimi nasema ni mtunza bustani. Soipan alinicheka, lakini fikiria hivi: funguo alikuwa nazo nani?"

Akaendelea kumtetea mtunza bustani wake kwa vidole, kwa nyusi, kwa moyo wote. Mbeke alimsikiliza, na taratibu akaanza kumwamini. Kitabu chenyewe alikuwa nacho. Alikichukua kwa Isaac, naye mmoja wa wasomaji wa Jumamosi, kama ushahidi, akakisoma hadi pale wembe ulipopita. Alijua hamu hiyo ya mtu asiyejua mwisho. Haiigizwi.

Alikuwa amemfungia mtu asiye na hatia kwa sababu ukweli ulikuja bila kujificha.

"Otiende! Washa gari."

*

Florence alikuwa kwa mamake, nje kidogo ya mji wa Kajiado, akichambua maharagwe kivulini. Hakuinuka.

"Takwenya, Mama Roy," Mbeke akamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. "Si mmemshika mtu wenu?"

"Tumemshika. Tumekuja tu kukurudishia amani. Ulimtisha marehemu kwa nini?"

"Alikuwa ananila bwana."

"Walikuwa na uhusiano?"

"Wa kitandani? Hapana." Alitupa haragwe bovu. "Hakumgusa. Ningejua la kufanya kama angemgusa."

"Na wewe husomi?"

"Mimi na vitabu ni mbali."

Mbeke aliketi kwenye kigoda, akamgeukia Otiende kama watu wanaomalizia mazungumzo ya njiani.

"Kitabu chenyewe hata si kizuri. Muuaji ni daktari. Nilijua mapema."

Otiende, aliyefundishwa la kusema garini, akaguna. "Daktari tu? Basi ni cha kijinga."

Vidole vya Florence vilisimama juu ya ungo.

"Daktari alimnyonga yule mzee usiku, kwa mikono yake miwili," Mbeke akaendelea. "Hivyo tu. Mwandishi mvivu."

"Angewezaje?" Florence akasema. "Si alikuwa amevunjika mkono?"

"Lo, kweli. Basi ni mtunza bustani. Abdiaziz alipatia."

"Abdiaziz hajui kusoma watu. Hakuna bustani wala nini. Ni yule dada mdogo, aliyekuwa akiwapikia wote. Anakiri kwenye garimoshi, na hakuna aliye—"

Kuku walipita katikati yao.

"Garimoshi halimo ndani ya kitabu nilichosoma," Mbeke akasema polepole. "Nimekisoma hadi palipokatwa. Liko kwenye sura iliyoshonwa, na sura hiyo aliisoma Soipan peke yake. Soipan, na aliyekata uzi."

Florence aliweka ungo chini. Aliingia ndani, Otiende akimfuata unyounyo, akarudi na kitabu cha nyimbo za kanisani. Kati ya nyimbo kulikuwa na kurasa za manjano, kingo zake zimetobolewa na sindano.

"Singevumilia," akasema. "Kudanganya kuhusu mtu, sawa, naweza. Lakini kumsikia mtu akiharibu mwisho ule..."

"Tuambie."

"Isaac akirudi nyumbani hana neno. Anakula, anaangalia ukuta. Lakini siku moja nilipita pale dukani nikamsikia anacheka. Madam, miaka yote ya ndoa sijawahi kusikia kicheko hicho. Alikuwa na kicheko kingine, na anakipeleka kwa mwanamke mwingine! Nikasema nitajua kuna nini ndani ya hivi vitabu. Akilala, nachukua. Nilisoma vyote."

"Na ukavipenda."

"Nilivipenda sana. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Nilikuwa na mawazo yangu, najua muuaji mapema kuliko wao, na sina wa kumwambia. Isaac anaye."

"Jioni ile?"

"Nilienda kumwambia aniachie bwana wangu. Akanicheka, akasema, 'Keti, Florence, tuongee.' Keti! Kwenye duka lake, kama mgeni wa bwana wangu mwenyewe. Akanipa mgongo kutafuta kitu. Pasi ilikuwa hapo."

"Kisha ukakaa ukasoma."

"Nisingeondoka bila kujua," akasema, kama jambo lililo wazi.

"Na mtandio?"

Kwa mara ya kwanza Florence alimtazama usoni, na kulikuwa na fahari kidogo kwenye macho yale.

"Katika vitabu vyote, yule mwenye jina lake pale si yeye. Nilisema mpelelezi mwerevu ataniruka."

"Nilikuruka," Mbeke akakubali. Kisha akampigia simu afisa wa zamu: Abdiaziz aachiliwe, sasa hivi.

*

Isaac alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo, chini ya dirisha la ofisi. Walimpitisha mkewe mbele yake, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Mbeke alitoka kumweleza yote, neno kwa neno.

Isaac alisikiliza hadi mwisho.

"Alivisoma?" akauliza. "Mama Roy?"

"Vyote. Ukishalala."

"Na katika hiki cha mwisho, alijua muuaji ni nani?"

"Anasema alimjua mapema kuliko ninyi."

Isaac alisugua uso kwa viganja.

"Kile kiti cha kando ya mlango," akasema. "Soipan hakuruhusu mtu akikalie. Alikuwa anasema hicho ni cha mkeo, utamleta lini? Kila Jumamosi ananiuliza. Namwambia, yule hapendi vitabu."

"Na Florence mwenyewe ulimuuliza?"

Isaac aligeuka kuangalia mlango mkewe alimopitishwa.

Ndani, nyuma ya dirisha lililokuwa wazi, kalamu ya Otiende ilikuwa imesimama. Florence, ambaye hakutoa chozi alipokiri, alikuwa ameanza kulia.