Gitaa Liliponyamaza

Saa mbili na robo asubuhi, ukumbi wa chini wa jengo lile la ghorofa nane ulikuwa umefurika watu, na wote walikuwa wanaitazama lifti kama ndugu wanaosubiri mgonjwa azinduke. Lifti yenyewe ilikuwa imekwama juu huko. Mlango wake wa chini uliachwa wazi, na ndani ya shimo kilionekana kichwa chenye kofia ya bluu, kikipiga mluzi bila haraka yoyote.

Fundi wa meno alikuwa amechelewa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia ghorofa ya saba. Siku hiyo alivaa gauni la rangi ya chungwa na viatu vya kisigino alivyovijutia tangu kituo cha basi, na mikononi alibeba sanduku lenye meno ya wateja watano. Jamaa mmoja alichoka kusubiri, akageukia ngazi kwa hasira na kumpiga kikumbo. Sanduku likaruka. Meno yakatawanyika sakafuni, na seti moja ikateleza mpaka ukingoni mwa shimo, ikasimama pale ikimchekea aliyekuwa ndani.

Ukumbi mzima ulicheka. Yeye alipiga magoti akaokota huku akiomba ardhi ipasuke immeze.

Fundi lifti akapanda kutoka shimoni. Alikuwa kijana mrefu, ovaroli imejaa grisi, lakini meno aliyashika kwa kitambaa safi. Mkono wa pili ulishika kinanda kidogo cha mdomo kilichoanguka pamoja nayo.

“Dada, haya ni ya nani?”

“Ya mteja. Nipe.”

“Na hiki chenye meno mengi kuliko wote?”

“Hicho ni changu. Nipe nacho!”

Hakumpa. Alikigeuza, akaona uzi mwekundu uliofungwa pembeni, na macho yakamtoka. “Uzi huu hufungwa na Bibi Pumzi. Kumbe ni wewe wa chumba cha nyuma!”

Hapo ndipo fundi wa meno alipomtazama vizuri. Kila Jumamosi alasiri, wazee wawili, mtu na mkewe, walifundisha muziki nyumbani kwao. Babu Nyuzi, aliyepiga gitaa la jazi na bluzi mahotelini kwa miaka arobaini, alikaa na wanafunzi wake sebuleni. Bibi Pumzi alifundisha kinanda cha mdomo chumba cha nyuma, kwa sababu wakiwa chumba kimoja waligombana juu ya mwendo wa wimbo. Hata milango ya wanafunzi ilikuwa tofauti.

“Miezi miwili nakusikia ukutani,” fundi lifti akasema. “Kuna pale unapovuta ile sauti ya chini mpaka inapinda. Mimi vidole hupotea kabisa.”

“Kwa hiyo makosa yako unanisingizia mimi?”

“Yote.”

Akacheka, ingawa alikuwa ameapa kutocheka.

Wiki tatu hazikupita, wakawa wanakula chakula cha mchana pamoja juu ya paa, kwenye kivuli cha chumba cha mashine ya lifti. Fundi wa meno alikuja na kinanda katika mfuko wa koti jeupe. Fundi lifti alitoa gitaa alilolificha nyuma ya makopo ya grisi.

“Lifti, grisi ndiyo inayotelezesha vidole vyako.”

“Vinateleza kwa sababu unanitazama, Meno.”

“Basi nigeuke?”

“Ukigeuka nitapiga vibaya zaidi.”

Meno alimpenda, tena waziwazi, na hakuona sababu ya kujidanganya. Alipenda hata jinsi alivyosema “samahani” akikosea, kana kwamba wimbo ni mtu aliyekanyagwa mguu.

Bibi Pumzi alikuwa amemfundisha kwamba bluzi haipulizwi, huvutwa: furaha unaitoa nje, uchungu unauvuta ndani mpaka sauti ipinde. Na usikate pumzi katikati, bibi alisisitiza, maana kinanda kikinyamaza watu hudhani mpigaji ameondoka. Uchungu wa kuvuta fundi wa meno alikuwa nao. Miaka miwili nyuma, mchumba wake wa zamani aliahidi kuja nyumbani na wazee wake. Viti vilipangwa, wajomba wakaketi, chai ikapoa. Hakuja wala hakupiga simu. Binti wa watu alikaa saa tatu mbele ya ndugu zake, amejipamba, akikitazama kiti kitupu. Tangu siku hiyo hakuna alichokiogopa kama kuachwa peke yake huku watu wakimtazama. Habari hiyo hakumsimulia Lifti. Alingoja wakati mzuri, na wakati mzuri una tabia ya kuchelewa.

Mwisho wa mwezi wa tatu wa masomo, wazee walipanga onyesho la wanafunzi katika ukumbi wa maktaba, Jumapili alasiri. Meno alivaa gauni jeusi lenye vifungo vyekundu. Lifti alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Mama yake Meno alikaa safu ya pili, mkoba mapajani, akitabasamu kuliko wote.

Wakaanza vizuri mno. Gitaa likauliza, kinanda kikajibu. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na watu wakaanza kutikisa vichwa. Ghafla, mwanzoni mwa mzunguko wa nne, Lifti akaondoa vidole kwenye nyuzi, akaweka mikono mapajani, akamgeukia mwenzake na kutabasamu.

Meno alivuta sauti mbili, ya tatu ikakatika. Mtu akakohoa. Alipotupa jicho safu ya pili alimwona mama yake na uso ule ule wa siku ya viti, na hapo miguu ikajiamulia yenyewe. Alitoka kwa mlango wa pembeni. Lifti aliinuka kumkimbilia, waya wa kipaza sauti ukamnasa mguu, akaanguka na gitaa lake kwa kishindo kilichosikika mpaka barabarani.

Wiki ile Meno alipanda ngazi ghorofa zote saba, viatu mkononi, akiapa hatakanyaga lifti ya mtu yule. Simu iliita mpaka ikachoka. Siku ya nne Lifti alipiga ya nyumbani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Unamtaka nani?”

“Fundi wa meno.”

“Amesema nikwambie hayupo.”

“Kaenda wapi?”

“Yuko hapa mbele yangu, ananikonyeza mpaka jicho litamtoka.”

“Mama!” Meno akang'aka, akaingia chumbani na kubamiza mlango.

Mama akashusha sauti. “Mwanangu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kaa chini nikueleze habari ya viti.” Na akaeleza, kirefu, mpaka salio la kijana likaisha.

Ijumaa baada ya kazi, Meno alikwenda kwa Bibi Pumzi. Alimkuta akisugua vinanda vyake kwa mswaki.

“Shikamoo, Bibi. Nimekuja kurudisha kinanda ulichonipa. Sipigi tena.”

“Marahaba. Kimekukosea nini?”

“Aliniacha, Bibi. Katikati ya wimbo, mbele ya watu! Kaweka mikono mapajani ananitazama tu.”

Mswaki ukasimama. “Anakutazama vipi?”

“Anatabasamu!”

Bibi akageukia sebuleni. “Mzee! Wewe mzee! Wanafunzi wako umeshawafundisha kunyamaza?”

“Mwezi wa tatu, kama kila mwaka!” sauti ikajibu.

“Yarabi,” bibi akashika kiuno. “Sikia, mjukuu wangu. Kwa mpiga gitaa hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Anapiga, anapiga, halafu anakuachia mzunguko mzima uwe wako, watu wakusikie wewe tu. Hamfanyii kila mtu. Anamfanyia yule anayejua hataanguka. Wa gitaa hufundishwa kunyamaza mwezi wa tatu. Wangu mimi hufundishwa kupokea mwezi wa nne.”

“Mwezi wa nne unaanza kesho!”

“Ndiyo hivyo. Kosa ni letu, wazee wawili tusiosemezana kuhusu kazi.” Bibi akacheka mpaka mabega yakacheza. “Mimi huyu aliponinyamazia mara ya kwanza nilimrushia kiatu.”

“Akafanyaje?”

“Akanioa. Kovu liko juu ya nyusi, kalitazame.”

Meno akacheka, kisha akalia, kisha akaomba arudishiwe kinanda chake.

Jumamosi alivaa gauni lile la rangi ya chungwa, akaingia kwa mlango wa mbele. Wapiga gitaa watano wakanyamaza. Lifti alikuwa pembeni, ndevu hazijanyolewa, plasta kwenye kiwiko. Meno hakusalimia mtu. Aliketi mbele ya Lifti, akaweka kinanda mdomoni, akaanza wimbo wao, na vidole vya Lifti vikaufuata vyenyewe. Mizunguko mitatu. Mwanzoni mwa wa nne, Meno akashusha kinanda, akaweka mikono mapajani, akamtazama na kutabasamu.

Lifti alipiga sauti tatu, ya nne ikapotea.

“Babu,” akasema kwa sauti ndogo, “mzunguko bado ni wangu?”

“Wako wote. Utumie utakavyo.”

Akaliweka gitaa chini. “Meno, nilidhani kukuachia nafasi kunatosha. Sikukwambia kwanza, na nimekuumiza. Mama amenieleza habari ya viti. Jumapili ijayo nataka kuja kwenu na baba na mjomba wangu, saa nne. Wao watafika saa nne. Mimi nitafika saa mbili, nikae kwenye kile kiti, nikusubiri wewe. Hata ukichelewa mpaka jioni, utanikuta. Nataka kukuoa.”

Meno akachukua kinanda akavuta ile sauti ya chini, ndefu, mpaka ikapinda.

“Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?” Babu Nyuzi akauliza.

“Miaka yote hii na mimi bado hujui?” bibi akafoka kutoka chumba cha nyuma. “Ndiyo hiyo!”

Jumapili iliyofuata kengele ya mlango ililia saa moja na nusu. Mama alifungua akiwa na mswaki mdomoni, na Meno, nywele hazijachanwa, akachungulia nyuma ya bega lake. Lifti alisimama pale na shati lake jeupe, akaomba radhi kwa kuwahi, akaingia ndani na kuanza kupanga viti mwenyewe.