Ngazi ya Chumbani kwa Tilly

Haya yalitokea nyumba ya pili, kwa mama mdogo Maxine. Ukuta wa sebule yake ndio ukuta wa sebule yetu, maana mtaa wetu hapa Sheffield nyumba zimeshikana kutoka juu ya kilima hadi chini. Mimi niliacha shule mama yangu alipoanza kuishiwa nguvu za mikono. Mchana kutwa niko nyumbani, kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyaona au nimeyasikia mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu, yenye manyunyu, chai, na mkate wa kuchoma wenye siagi. Mama mdogo aliniita nimsaidie kushika utepe wa kupimia, kwani mchoraji ramani, Mzee Pettifer, alikuwa amefika. Mama mdogo alikuwa hana raha siku nyingi. Jirani wa ng'ambo alikuwa ameligeuza dari lake kuwa chumba, na kila asubuhi mama mdogo akifungua pazia alikutana na yale madirisha mapya juu ya paa, yanamng'aria.

"Wana mtoto mmoja," alisema. "Mmoja tu. Huko juu wanaweka nini, njiwa?"

Mzee Pettifer alipanda darini, akagonga mbao, akapima. Kimo kinatosha, alisema, mtu mzima atasimama bila kuinama. Ila itabidi kujenga ukuta wa matofali kati ya dari lile na letu, maana nyumba hizi kuukuu zina paa moja refu lisilo na kizuizi ndani. Halafu akashuka, akasimama kwenye chumba kidogo cha Tilly, akajikuna kidevu.

"Ngazi itaanzia hapa. Mahali pengine hapafai."

Chumba cha juu kilikuwa kimeshaahidiwa Corinne, binti mkubwa, mwenye miaka kumi na mitano. Tilly ana saba. Alisimama akiitazama penseli ya Mzee Pettifer ikikikata chumba chake katikati.

"Na mimi?"

"Utabaki na nusu, kipenzi," alisema mama yake. "Wewe mdogo, nusu inakutosha."

"Utalala na mifagio," Corinne akamwambia. "Na mimi nikishuka kwenda chooni nakukanyaga kichwa."

Tilly hakulia. Aliinua macho, akalitazama dari.

Kabla ya kuondoka, Mzee Pettifer alituonyesha alichokikuta nyuma ya bomba la moshi. Kilikuwa kiatu cha mtoto, cha ngozi, kimoja, kimekauka kama ganda la chungwa. Ndani, vidole vya aliyekivaa vilikuwa vimeacha alama.

"Mafundi wa zamani walikuwa wakiviweka," alisema. "Kinachoingia kwa njia ya moshi kinadhani kimempata mtoto. Kinakaa na kiatu, hakishuki kwa watu. Ninapojenga nakirudisha ukutani. Kisitoke kwenye nyumba."

"Unayaamini hayo?" mama mdogo akacheka.

"Siyaamini," alisema Mzee Pettifer. "Ila nakirudisha."

Akapanda tena kukirudisha. Aliposhuka, ngazi ya kukunja ya mlango wa dari akaiacha ikining'inia.

Jumatatu lilipita gari la kukusanya nguo za msaada. Tilly alinijia jioni, akaweka mdomo wake sikioni kwangu. Alikuwa amepanda darini, akakichukua kiatu, akakisokomeza katikati ya masweta kwenye mfuko wa nguo za kutoa uliowekwa mlangoni.

"Kwa nini, Tilly?"

"Sasa huko juu kutakuwa na mtu. Corinne hatakitaka chumba."

Kesho yake nilikwenda duka linalouza nguo hizo za msaada. Mfuko ulikuwa umeshapelekwa, hawakujua wapi.

Siku ileile Corinne alipoteza kiatu cha shule. Cha kushoto. Mchana, nikimnywesha mama supu, nikasikia juu ya vichwa vyetu.

Ko. Kimya. Ko. Kimya.

Kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja, na mwingine ni mtupu. Hatua zilitoka upande wa kwao, zikaja upande wetu, zikasimama juu ya kitanda cha mama, zikarudi.

Kufikia mwisho wa juma Corinne hakuwa na kiatu cha kushoto hata kimoja. Raba, buti, hata ndara za kuogea.

"Rudisha viatu vyangu, we kijidudu."

"Mimi sinavyo," alisema Tilly. "Vinambana, ndiyo maana anabadilisha."

"Vinambana nani?"

"Wa juu. Ananipenda mimi. Wewe hakupendi."

Corinne alifungua kinywa ajibu. Juu, kitu kikaburuzwa polepole mpaka usawa wa pale alipokuwa amesimama.

Tangu hapo Corinne akaogopa kulala peke yake. Akaenda na mto wake chumbani kwa Tilly, wakabanana kwenye kile kitanda kidogo. Akamwambia watalala wote kule juu, vitanda viwili, na dirisha litakuwa la Tilly. Niliwasikia kupitia ukutani wakicheka chini ya blanketi. Sikuwa nimewahi kuwasikia wakicheka pamoja.

Juu kulikuwa kimya. Kimya cha mtu anayesikiliza.

Halafu ikaja ile alasiri ya Novemba. Giza huingia mapema. Mama mdogo na mumewe Stuart walikuwa kazini, nami ndiye niliyekuwa nikiwaangalia wasichana. Niligeuka kumimina chai. Nilipotazama tena, Tilly hakuwepo.

Mlango wa dari ulikuwa umefungwa. Ngazi ya kukunja ilikuwa imevutwa juu. Mtoto wa miaka saba hawezi kuivuta.

Corinne alisimama chini yake, hana damu usoni.

"Tilly. Shuka. Chumba ni chako."

Akavuta kiti.

"Chote, Tilly. Na dirisha. Mimi sikitaki."

Sauti ya Tilly ikaja nyembamba, kutoka mbali kuliko dari lilivyo. "Hataki chumba."

"Anataka nini?"

"Anasema una mama. Una baba. Na sasa unanitaka na mimi."

Corinne alipanda juu ya kiti. Alidandia ule mlango kwa uzito wake wote. Ukafunguka kidogo. Ukarudi. Kuna aliyekuwa akiuvuta kwa upande wa pili, bila haraka.

"Huyu ni mdogo wangu," Corinne alinong'ona. "Wangu."

Mlango ukaachia. Tilly akamwangukia kifuani, wa baridi kama maziwa ya kwenye friji. Upande wa kushoto wa nywele zake ulikuwa umesukwa. Misuko myembamba sana, iliyokazwa mpaka ngozi ikainuka, inanuka masizi. Upande wa kulia ulikuwa bado haujaguswa.

Stuart alipigilia mlango ule misumari usiku huohuo. Mzee Pettifer akaambiwa asiendelee na ramani. Kabla ya Krismasi walihamia Rotherham kwa bibi yao, na Tilly sasa hajambo, huniandikia kuhusu paka wa huko. Nyumba yao imebaki tupu. Ukuta wa matofali haukujengwa.

Jana asubuhi nilimpelekea mama chai, nikamkuta ameamka, anatabasamu.

"Umenisuka vizuri, mwanangu," alisema. "Ila mikono yako ilikuwa ya baridi."

Nilizifumua zile nywele zilizosukwa upande wa kushoto. Leo zimesukwa tena, upande uleule. Nilipochukua kitana, mama alinishika kiganja kwa vidole vyake visivyo na nguvu. Akalitazama dari, kisha akaninong'oneza nisimguse nywele tena.

"Atanuna," alisema.