Kichwa cha Ng'ombe Mlangoni

Mwaka wa 1964, katika bonde la Lambwe, Phelesia alianza kulala mchana. Akipepeta mtama, ungo unamponyoka. Akila, kichwa kinainama mpaka kwenye sahani. Mumewe, Elkanah, alidhani ni uchovu tu.

Siku moja Elkanah aliung'oa mlango, akaulaza uani, akaupaka mafuta ya kuzuia mchwa, kisha akaenda shamba. Jioni akaurudisha haraka bila kuutazama. Kulipokucha, alikuta kichwa chekundu cha ng'ombe kwenye mbao zake, chenye pembe mbili. Hakikuwa na macho, lakini kilimtazama.

Elkanah alimjua ng'ombe huyo. Alimwahidi marehemu baba yake fahali wa matanga, kisha akamuuza kule machimboni Macalder. Basi mzee amekuja kudai, na anamchukua Phelesia polepole. Elkanah akafunga mizigo ili wavuke mpaka wa nchi siku ile ile.

Jirani yao Nicodemus, aliyefundisha watu wazima kusoma, alimkuta akimpakia mkewe kwenye baiskeli.

"Elkanah, unamkimbia nani?"

"Ng'ombe wa baba. Angalia mwenyewe, Mwalimu."

Nicodemus akainama, mzee mzima, akachungulia kati ya magoti yake.

"Mlango umeupachika miguu juu, bwana. Hiyo ni herufi A. Lakini macho yako hayakukudanganya, ng'ombe yumo. Zamani sana Wafoinike walichora kichwa cha ng'ombe, wakakiita alef, yaani ng'ombe. Wayunani wakakichukua, wakakigeuza mpaka pembe zikawa miguu, wakakiita alfa. Ndiyo Alfa ile tunayoisoma kanisani."

"Na nani ameichora kwangu?"

Nicodemus alieleza kwamba watu wa mbung'o, wale maofisa wa afya wa serikali, walikuwa wamepita jana yake. Walibisha hodi, hakuna aliyeitika, wakaiandika A kwenye mlango uliolazwa uani. A ni nyumba ya kupimwa damu kwanza. Kisha akamtazama Phelesia, aliyesinzia kwenye keria mdomo wazi.

"Huyu hajachukuliwa na marehemu. Ameumwa na mbung'o. Haya ni malale, na malale yana dawa. Ukivuka naye mpaka, utamzika huko."

Elkanah akageuza baiskeli kuelekea hospitali ya Homa Bay.

Wodini kulikuwa na kimya cha kutisha. Kwenye kitanda cha pembeni alilala mwanamume aliyefumbua macho, asione mtu. Nesi alisema huyo alizungushwa kwa waganga mwaka mzima. Phelesia alichomwa sindano wiki nyingi. Siku ya kutoka, kitanda kile kilikuwa kitupu, kimetandikwa vizuri.

Watu wa mbung'o waliporudi Lambwe, walikuta majirani kumi na mmoja uani kwa Elkanah, mikono ya mashati imekunjwa, wakingoja kupimwa damu. Phelesia alikuwa mbele, macho makavu bila usingizi, akiwapanga foleni.