Mkasi wa Mke wa Mhunzi

Enzi hizo za taa za mafuta, mke wa mhunzi alikuwa akimpelekea mumewe chakula bandani kila jua likikaribia kuzama. Jioni ile alishika bakuli mkononi, na kiunoni alichomeka mkasi wake wa kushonea, aliofuliwa na mume huyohuyo.

Banda lilikuwa kimya. Nyundo haikulia...

Harufu ya majivu mabichi ikampiga puani.

Mumewe alikuwa ameinama, anaumwagia moto maji.

Mama yangu! Mhunzi gani huyo? Makaa hufukiwa kwenye majivu yalale, kesho yapulizwe. Moto ule mumewe aliurithi kwa babake, na tangu aolewe hakuwahi kuuona umezimika.

"Wewe nani?" alinong'ona.

"Mumeo."

Sauti ilikuwa yake kabisa. Lakini kiganja alichomnyooshea kilikuwa laini, hakina hata kovu moja la cheche.

Akachomoa mkasi, akamkita nao shingoni.

Siku ya kesi mahakama ilijaa pomoni. Kujaribu kumuua mume, enzi hizo, ilikuwa kitanzi tu. Mlalamikaji aliketi mbele, shingo imefungwa kitambaa, anatabasamu kwa upole.

"Mwombe mumeo radhi, mwanangu, yaishe," mama mkwe alimsihi huku akilia.

"Siombi, mama. Huyu si mwanao. Na nikipata nafasi namchoma tena! Mheshimiwa, mfungueni hicho kitambaa!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu, kwa kumkomoa tu, akaamuru kifunguliwe.

Kitambaa kikaanguka...

Kicheko kikakatika.

Hapakuwa na kidonda. Hapakuwa na kovu. Tone la maji meusi liliteremka shingoni polepole, na chumba kizima kikanuka majivu mabichi.

Hakimu alikohoa. Hakuthubutu kumtazama yule mtu usoni. "Pasipo jeraha hapana kosa," alisema harakaharaka. "Mama, uko huru. Nenda nyumbani na mumeo."

Yule mtu akasimama, akanyoosha mkono. "Twende, mke wangu."

Mama mkwe alikikodolea macho kile kiganja, machozi yamemkauka. Mke wa mhunzi naye aliogopa, tusidanganyane. Lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Akamgeukia karani.

"Nirudishieni mkasi wangu," alisema. "Na huyu atangulie mbele. Leo atanionyesha alikomweka mume wangu."