Koti Lililobaki Ofisini

Kiti kilikuwa na joto.

Halikuwa joto la jua, kwa sababu dirisha la upande ule lilitazama ukuta wa jengo jirani na jua halikuwahi kufika hapo. Lilikuwa joto la mtu, lile unalolikuta kwenye benchi la hospitali aliyekutangulia anapoitwa ndani na wewe ukasogea mahali pake. Mhakiki aliinuka kidogo, akapapasa kiti kwa kiganja, akaketi tena. Alikuwa amechoka mno kuanza siku kwa kubishana na kiti.

Asubuhi hiyo ndiyo walikuwa wanarudi ofisini baada ya miaka mitatu ya kufanyia kazi nyumbani, na kila mtu alikuwa akipiga chafya. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kompyuta, juu ya vikombe vilivyokaukiwa na kahawa, juu ya ua la mapokezi lililokufa likiwa limesimama. Meza ya Mhakiki peke yake ilikuwa safi. Koti lake la kijivu, lililotundikwa mgongoni mwa kiti, halikuwa na hata chembe ya vumbi, ila lilinuka. Lilinuka nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kama ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi.

Koti hilo lina habari yake. Ofisini pale watu walikuwa na ujanja wao, na sijui kama kuna ofisi isiyo nao: ukitaka kutoroka mapema, unaacha koti kitini. Meneja akipita anaona koti, anasema huyu yupo, pengine amekwenda kutoa nakala. Siku walipoambiwa kila mtu abebe kompyuta akafanyie kazi nyumbani kwa wiki mbili tu, Mhakiki aliliacha koti lake kwa mazoea, na kwa mzaha. "Wewe baki ukinishikia nafasi," aliliambia, na wenzake wakacheka. Wiki mbili zikawa miaka. Ghorofa nzima ikakaa tupu, taa zimezimwa, mapazia yameshushwa, na koti likabaki likishika nafasi.

Walimwita Mhakiki kwa sababu ya kazi yake. Alitazama picha za magari yaliyopata ajali, akazilinganisha na maelezo ya mwenye gari, kisha akasema kama bima ilipe au isilipe. Kazi hiyo unaweza kuifanya popote penye meza, na yeye aliifanya kando ya kitanda cha mama yake. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mama upande wa kushoto, mkono na mguu, na kikampunguzia macho hata akawa anamjua mtu kwa sauti. Mhakiki akimaliza kukagua gari lililogonga nguzo, alimgeuza mama ubavu. Akimaliza barua ya mteja, alimlisha uji kijiko kwa kijiko. Kufanyia kazi nyumbani ndiko kulikowaweka hai wote wawili, wala sitii chumvi.

Kisha Meneja akatuma ujumbe. Wafanyakazi walimpa jina la Tuonane, kwa kuwa kila ujumbe wake ulimalizikia hapo. "Sisi ni familia," aliandika, "na familia hukaa pamoja. Kuanzia Jumatatu, tuonane ofisini." Mhakiki aliusoma akiwa ameshika beseni la kumwogeshea mama. Alitukana, mama akauliza anamtukana nani, akasema hakuna, Mama, ni simu tu.

Ndivyo maisha yalivyogeuka. Aliondoka kabla hakujapambazuka vizuri na kurudi giza likiingia. Mchana jirani alichungulia kwa mama, alipokumbuka. Jioni Mhakiki alifika mlangoni miguu imevimba, akasema, "Mama, nimerudi," na mama kutoka kitandani akajibu neno lile lile kila siku: "Umechoka, mwanangu. Ingia." Wakati mwingine lile neno ndilo kitu pekee kizuri alichokisikia tangu asubuhi.

Asubuhi moja mama alijaribu kwenda msalani peke yake akaanguka. Mhakiki alimnyanyua, akamwosha, akabadilisha shuka, akamngoja jirani amalize shughuli zake, na alipofika ofisini watu walikuwa wanakaribia kwenda kula. Njiani alikuwa ametunga uongo wa aina mbili ili achague. Mlinzi wa mlangoni alimtazama kwa mshangao.

"Dada, mbona unaingia tena? Si uliingia wakati nafungua geti?"

"Mimi?"

"Wewe. Na salamu yangu hukuiitikia. Nikasema leo dada yetu kaamka vibaya."

Aliweka kidole kwenye mashine ya kuingilia. Mashine ikamjibu kwamba alikwisha kuingia. Juu, mwenzake wa meza ya pili, ambaye walimwita Mapambo kwa sababu ya maua ya plastiki aliyoizungushia kompyuta yake, aligeuka akiwa amevimba mashavu. "Shoga, umeninunia nini leo? Nakuongelesha, unaandika tu. Umetoka hapo sasa hivi hata hukuniaga."

Kiti kilikuwa na joto. Kwenye kompyuta kazi ya asubuhi nzima ilikuwa imekwisha, tena safi, kwa maneno anayotumia yeye mwenyewe. Ila chini ya picha ya gari moja dogo jeupe palikuwa na maneno ambayo asingeyaandika kamwe: *Mwenye gari anasema alikuwa peke yake. Si kweli. Aliyekaa kiti cha nyuma bado yupo.* Aliikuza ile picha. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, ila kimebonyea.

Alifuta yale maneno.

Mtu mwenye akili zake angelikimbia siku hiyo hiyo, nami najua unavyomfikiria. Lakini mfikirie pia mtu ambaye hajalala usingizi wa kueleweka tangu arudishwe ofisini, halafu anaambiwa kwamba siku aliyochelewa hakuchelewa. Kesho yake alichelewa kwa makusudi, kidogo tu, ajaribu. Hakuna aliyesema neno. Akachelewa zaidi. Mama akaanza kupata uji wa moto asubuhi, akaanza kuogeshwa bila haraka, na kidonda kilichokuwa kimeanza mgongoni kikakauka. Mhakiki alijiambia kwamba hamdhuru mtu.

Hadi siku alipojionea mwenyewe. Alikuwa ametoka kwenye lifti, akasikia vitufe vya kompyuta vikigongwa kwa mwendo mmoja usiopumzika, na kupitia kioo cha mlango, kati ya vichwa vya wenzake, akauona mgongo wake mwenyewe ukiwa umevaa lile koti la kijivu, nywele zimefungwa kama alivyozifunga yeye asubuhi hiyo kwa kitambaa kilichokuwa bado kichwani mwake, na mikono inaandika bila kichwa kuinama kutazama kilichoandikwa, na Mapambo akamwegemea yule mtu na kumnong'oneza jambo la kuchekesha, na yule mtu akageuza shingo kumsikiliza, akaigeuza polepole, na shingo ikaendelea kugeuka hata pale ambapo shingo ya mtu ingekwisha kusimama, mpaka shavu likaanza kuonekana juu ya kola, na Mhakiki akarudi nyuma mkono mdomoni na ile harufu ya kiberiti imemjaa puani, akajifungia msalani. Alipotoka, kiti kilikuwa kitupu na koti limetundikwa.

Jioni hiyo alimwita mjomba wake, kaka wa mama, ambaye watu walimwendea wakisumbuliwa na visivyoonekana. Waliongea jikoni, kwa sauti ya chini, mama asisikie.

"Uliliambia nini hilo koti?"

"Nilitania tu, Mjomba."

"Sikuulizi kama ulitania."

"Nilisema libaki likinishikia nafasi."

Mjomba alijipangusa uso. "Ghorofa imekaa miaka haina mtu. Wakaingia wanaopenda pasipo na watu. Wakakuta viti vyote vimeachwa, isipokuwa kimoja kina nguo na kina ruhusa."

"Ni mbaya?"

"Mpaka sasa anafanya alichoombwa. Hapo ndipo ninapoogopa."

"Basi mtoe."

"Ningeweza ningekwisha kumtoa. Maji nitakusomea, na ubani nitakupa, lakini ruhusa uliitoa wewe. Kalitoe koti, uniletee nilichome. Kisha simama mbele ya mkubwa wako, watu wakisikia, useme: siku zile sikuwepo. Usiposema, anabaki na nafasi yako."

"Watanifukuza, Mjomba. Dawa za Mama zitatoka wapi?"

"Tutahangaika. Tumewahi kukosa kuhangaika?"

"Nimechoka."

"Najua. Na yeye anajua." Mjomba alisimama, akatazama kuelekea chumba cha dada yake. "Kazi ina saa ya kutoka, mwanangu. Umelifikiria hilo?"

Hakuwa amelifikiria, na usiku huo usingizi ulimbeba kabla hajalifikiria.

Kesho yake alipiga moyo konde. Aliwahi wakati mlinzi anafungua geti, akanyunyiza yale maji, akalikunja koti na kulitia kwenye mfuko. Lilikuwa zito, na moto kama mwili. Siku nzima alikaa kitini mwenyewe. Jioni, kabla watu hawajatawanyika, Tuonane alipiga makofi kuwaita wote.

"Mtazameni mwenzenu," alisema akimwonyesha Mhakiki. "Wa kwanza kuingia, wa mwisho kutoka. Ana mgonjwa nyumbani, na bado anakuja. Nani alisema haiwezekani?"

Makofi yakapigwa, ya uchovu, ya watu wanaotaka kwenda kwao.

Mhakiki alisimama. Neno alikuwa nalo ulimini: sikuwepo. Lakini kwanza akaomba, kwa sababu mtu huomba kwanza. "Meneja, naomba siku mbili tu kwa wiki nifanyie kazi nyumbani. Mama hawezi kujigeuza."

Tuonane alicheka kwa upole, na ule upole ndio uliouma. "Dada yangu, wewe tena? Wewe ndiye uliyetuonyesha kwamba inawezekana. Nikikupa wewe, hawa nitawaambia nini?"

Hasira ilimpanda Mhakiki hadi masikioni. Aliwatazama wote wale na macho yao mekundu, akamtazama Tuonane, na akaona kwamba mtu huyu hakuwahi kumtaka yeye. Alitaka kiti kisikae kitupu. Basi.

"Ahsante," alisema.

Alingoja wote waondoke, Mapambo wa mwisho. Kisha akalitoa koti mfukoni, akalitundika mgongoni mwa kiti, akalinyoosha kola kama anavyomnyooshea mama shuka. "Nishikie," alisema. "Kesho siji." Bega moja la koti likainuka kidogo, likashuka, kama la mtu anayevuta pumzi.

Kesho yake hakwenda. Na nisiseme uongo, ilikuwa siku nzuri. Alimkata mama kucha, akamsuka nywele kidogo kidogo kwa upande usiouma, akamsogeza dirishani jua limguse miguu. Walicheka habari za zamani, za marehemu baba na viatu vyake vilivyokuwa vikilia. Mchana mama alilala na Mhakiki akalala naye, kitanda kimoja, na simu haikulia hata mara moja. Alipoamka alilia kwa furaha, polepole, asimwamshe mama.

Giza lilianza kuingia. Alikaa kando ya kitanda amemshika mama ule mkono mzima, hajawasha taa bado, na ndipo akaanza kusikia nyayo nje, za mtu aliyechoka, anayeburuta mguu mmoja kama alivyouburuta yeye akitoka kazini viatu vikimbana, zikapita kwa jirani, na jirani akasema pole na kazi, na zikaja, na ile harufu ya nguo mbichi ikaja mbele yake ikipita chini ya mlango, na kiberiti nyuma yake, na Mhakiki akakumbuka swali la mjomba na akajua jibu lake wakati ule ule ambapo nyayo zilisimama mlangoni.

"Mama, nimerudi."

Ilikuwa sauti yake, na uchovu wake, hata kile kikohozi kidogo cha mwisho.

Mama aligeuza uso kuelekea mlangoni na uso ukang'aa. "Umechoka, mwanangu," alisema. "Ingia."

Kitasa kikaanza kuzunguka. Mama akatulia kidogo, kisha vidole vyake vikaupapasa ule mkono uliomshika, taratibu, kama mtu anayeanza kuogopa gizani.

"Na huyu aliyenishika ni nani?"

Mhakiki alifungua kinywa aseme, Mama, ni mimi. Pumzi ikatoka tupu, haina hata mlio. Kutoka mlangoni, kwa sauti yake mwenyewe, akasikia jibu.

"Sijui, Mama. Mimi ndiyo kwanza naingia."

Mama akauchomoa mkono wake.