Sakafu Iliyomwangusha Mama Mkwe

Mshonaji alikuwa akipiga pasi sare za shule aliposikia kishindo sebuleni. Alikimbia. Mama mkwe wake alikuwa chini, mkono ameukumbatia kifuani. Mbao mbili za sakafu mpya zilikuwa zimebenuka, na mama wa watu alikuwa amejikwaa hapo.

Mkono haukuvunjika, uliteguka tu. Lakini mshonaji alifura kwa hasira. Mumewe aliporudi, hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Sakafu uliyoitandika haina hata miezi mitatu, baba watoto. Nilikuuliza, saruji imekauka? Ukanijibu nikashone nguo, sakafu nikuachie wewe."

"Mbao zenyewe ndizo mbovu," mume alisema.

"Usimsingizie muuzaji. Mama yako amelala na mkono uliovimba."

Alitoka akaubamiza mlango, akaenda kumwita jirani yao, mama mmoja fundi seremala. Fundi alikuja na penseli yake sikioni, akapiga magoti, akang'oa ubao mmoja. Chini ulikuwa mweusi, unanuka ukungu.

"Mbao hazina kosa," alisema. "Kosa liko chini. Shemeji, uliipima hii saruji?"

"Niliigusa. Ilikuwa kavu."

"Juu ndiyo ilikauka. Ndani ilikuwa bado inatoa maji. Mbao zikanywa unyevu huo, zikatanuka. Nawe umezibana hadi ukutani, zitanuke ziende wapi? Na haya madonge ya saruji, mbona hukuyakwangua?"

"Nilidhani mbao zitayafunika."

Mshonaji alicheka kicheko kikavu. "Mimi nikishona gauni juu ya bitana iliyokunjamana, mteja atanirushia usoni."

Waling'oa mbao zote, wakaziweka mahali pakavu. Madirisha yakaachwa wazi mchana kutwa. Baada ya wiki kadhaa, fundi alibandika kipande cha nailoni sakafuni kupima unyevu, akaziba kingo zake zote kwa utepe wa gundi. Siku ya tatu waliibandua. Chini yake kulikuwa na matone ya maji.

"Bado," alisema fundi.

Mume alikunja uso. "Tutaishi juu ya saruji mpaka lini?"

"Mpaka ikauke," mkewe alimkata kauli. "Au unamsubiri mama aanguke tena?"

Safari ya pili, nailoni ilitoka kavu. Ndipo mume alipokwangua madonge, akajaza mabonde, akalaza ubao mrefu ulionyooka huku na huku kuona kama mwanga unapenya chini yake, penye bonde. Alifagia hadi vumbi la mwisho. Walitandika nailoni nzito, juu yake plaiwudi iliyokazwa kwa skrubu. Mbao zilizokuwa bado nzuri zilikaa ndani ya nyumba wiki nzima kabla ya kupigiliwa, zizoee hewa yake. Pembeni mwa kuta waliacha nafasi ya unene wa kidole.

"Nisamehe, mama," mume alisema siku walipomaliza. "Nilikuwa na haraka."

"Neno hilo nimelingoja kuliko sakafu," mama yake alijibu.

Msimu wa mvua ulikuja ukapita. Hakuna ubao ulioinuka. Jioni moja rafiki wa mume, aliyekuwa akitengeneza sakafu yake, alipiga simu, anataka amnunulie mbao na kumpelekea kesho yake.

"Sileti," mume alisema. "Kwanza niambie, saruji yako ina muda gani?"

Mshonaji alisikia, pini zikiwa mdomoni. Alizitoa, akainuka, akammiminia mumewe chai. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kishindo.