Mvua ya Kikombe

"Baba, ukiking'oa hicho kipima mvua, ning'oe na mimi!"

Baba akaganda na sululu hewani kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Siku nne hajanyoa, macho mekundu kwa vumbi la shambani. Mbele yake, juu ya nguzo katikati ya uwanja wa nyumba, kile kichupa cha plastiki chenye mistari pembeni kilikuwa kimetulia zake, kana kwamba kesi haikihusu.

"Toka hapo, Milimita."

Ndiyo, hata baba mzazi alishalisahau jina alilompa bintiye mwenyewe. Tangu alipokabidhiwa kipima mvua, miaka miwili sasa, kijiji kizima kilimwita Milimita, naye akaitika. Kila siku saa tatu asubuhi anainama, anasoma, anaandika kwenye daftari, anamtumia Bwana Shamba ujumbe. Mvua ikifika milimita thelathini, Bwana Shamba anakuja mwenyewe kuchimba na kuangalia udongo, ndipo watu wanapanda. Haijafika, hakuna kugusa mbegu, hata mabati yapige kelele namna gani. Maana mvua za siku hizi zina tabia za mgeni asiyeaga. Zinakuja usiku mmoja kwa vishindo, watu wanakimbilia shambani, halafu hizo zimeondoka mwezi mzima.

"Sitoki," alisema Milimita, akaikumbatia nguzo.

"Namba yako imeniulia mtama wote!"

"Mzee, usijichoshe na maneno," akadakia mtu aliyekaa kwenye kigoda, miguu kainyoosha kama yuko kwao. Huyo alikuwa mwenye duka la mbegu, jina la mtaani Pakiti. "Mbegu nitaleta mimi. Shamba lako lote nitalijaza. Mkwe hawezi kumwacha baba mkwe na shamba tupu."

"Mkwe wa nani?" Milimita akauliza.

"Wa baba yako. Kwako mimi nitakuwa mume."

"Yaani mimi nabadilishwa na mbegu! Nieleze vipimo basi. Debe moja kichwa, debe moja miguu?"

"Usinichekeshe, Milimita. Mimi nina nia njema."

"Nia yako iweke dukani, panya wasiitoboe."

Baba akashusha sululu. "Mwanangu, sikiliza. Ulisema arobaini na mbili. Tukapanda. Leo siku ya kumi na moja, hata umande hatujauona. Mtama umechipua, umeungua. Mchana kuna mkutano. Ukishindwa kueleza maji yale yalitoka wapi, kipima kinavunjwa, na wewe unaolewa na mwenye mbegu. Nimemaliza."

"Wenzako wote walipanda nusu ya mbegu zao, Baba. Si tulikubaliana? Nusu shambani, nusu ghalani. Wewe ulipanda zote kwa nini?"

Baba aliitupa sululu, akaingia ndani.

Mlangoni mwa jiko alikaa Bibi na ungo wa maharage. Bibi huyu hata kuku akipita lazima amsemeshe. Siku hiyo alikuwa kimya, anayachambua maharage yaleyale kwa mara ya tatu.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Bwana Shamba: "Niko njiani. Nina wazo."

Milimita akaenda nyuma ya nyumba, akampigia. Mapenzi yao yalikuwa siri, na siri hiyo kijiji kizima kilikuwa nayo.

"Wazo gani?"

"Nitasema kosa ni langu. Wewe ulinitumia kumi na mbili, mimi nikasoma arobaini na mbili."

"Nilikutumia arobaini na mbili."

"Najua. Lakini hawatakulaumu tena. Mimi nitahamishwa kituo, yataisha."

"Na daftari langu?"

"Unafuta nne, unaandika moja. Kazi ya dakika moja."

"Naandika kwa wino, wewe! Nani alinifundisha niandike kwa wino?"

Pikipiki ikaunguruma upande wa pili.

"Mimi," akakubali.

"Ulisemaje siku ile?"

"Kwamba namba ikishaandikwa haiguswi. Lakini mpenzi..."

"Usiniite mpenzi huku unataka kuniibia namba. Ukiigusa tumeachana, na picha zako nazifuta zote, hata ile ya kofia."

"Milimita, nataka kukuokoa!"

"Nani kakwambia nazama? Mwakani nikisema thelathini, ataniamini nani? Njoo na ukweli, au geuza pikipiki."

Akakata.

Mkutano ulifanyika darasa la pili. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, hasira zimewajaa. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mama mwenye sauti ya kengele, akagonga meza.

"Milimita, simama. Yale maji yalitoka wapi?"

Bwana Shamba alikuwa ameegemea dirisha, mkononi ana kile kijiti chake cha chuma chenye alama nyekundu, anachochomea udongo kujua unyevu umefika wapi. Akafungua mdomo. Milimita akamkata jicho. Akaufunga.

"Nitasoma nilivyoandika," alisema Milimita, akafunua daftari. "Tarehe ishirini na tatu, saa tatu asubuhi. Milimita arobaini na mbili. Udongo wa juu umelowa. Upepo hakuna. Maoni..."

Akasita.

"Soma!" walipaza sauti.

"Maoni: maji yana povu."

"Povu?"

"Povu."

"Hiyo mvua ilikuwa inafua nguo?" akauliza Pakiti, na darasa zima likaangua kicheko, hata waliokuja kugombana.

Kicheko kilipotulia, sauti moja ikasikika kutoka dawati la nyuma.

"Kikombe sikukisuuza vizuri."

Watu wote wakageuka. Bibi alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni.

"Mama?" Baba akanyanyuka. "Unasema nini?"

"Unanisikia. Usiku ule mvua ilinyesha kidogo tu, kelele nyingi za mabati. Asubuhi nikamimina kikombe cha maji kwenye kichupa. Kimoja! Kile kikubwa cha bati."

"Kwa nini, Bibi?" Milimita akauliza.

"Unaniuliza? Kijana wako haji mpaka ifike thelathini. Wiki saba hajakanyaga! Wewe unaosha sahani moja mara mbili, macho barabarani. Nikasema, kama shida ni maji, maji mimi ninayo."

"Bibi, watu wamepanda!" Mwenyekiti akafoka.

"Hilo sikulitaka. Kila siku Bwana Shamba anatuimbia kwamba lazima achimbe kwanza. Nikajua atakuja, atachimba, ataona haijatosha, atakunywa chai, atamwona mjukuu wangu, ataondoka. Ningejuaje kwamba hatachimba?"

Shingo zote zikazunguka kuelekea dirishani.

"Ulichimba?" Milimita aliuliza. Swali lenyewe lilimtoka taratibu, maana jibu alikuwa nalo. Siku ile walikaa pamoja mpaka chai ikapoa.

Bwana Shamba akatazama kijiti chake.

"Sikuchimba. Nilikiegemeza ukutani, nikakaa, nikamwangalia yeye. Nilipopanda pikipiki nikasema pandeni. Leo nilikuja hapa na uongo mfukoni, mwenyewe akanikataza kuutoa. Kwa hiyo ukweli ndio huu: nampenda, na sikuchimba."

"Mnaona!" Pakiti akaruka. "Mbegu za watu zimekufa kwa mahaba! Kivunjwe hicho kichupa leo hii!"

"Kivunjwe!" wakaitikia wachache.

Milimita akapanda juu ya dawati. Likalia, likavumilia.

"Na mimi niongezeni kwenye kesi! Povu niliona. Nikaliandika vizuri kama msomi, halafu sikuuliza limetoka wapi. Sikuuliza kwa sababu nilitaka aje. Haya, tuko watatu. Tusemeni, tucheke­ni, kazi nipokonyeni mkitaka. Lakini kipima hakuna wa kukivunja! Kiliwekewa maji, kikapima maji. Kosa lake liko wapi?"

"Kimetuua!"

"Kimekuua wewe unayepiga kelele hivyo? Mkishakivunja, msimu ujao mtapanda kwa kufuata nini? Tarehe za mababu? Tumezifuata misimu mitatu, tukavuna mabua. Kelele za mabati? Yatoeni mabati kwanza tuone kama masikio yenu yanajua kitu. Ghalani kuna nini sasa hivi? Nijibuni!"

"Kuna nusu," alisema Mwenyekiti.

"Nani aliwabembeleza muweke hiyo nusu, mkamwita mwoga?"

Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akajikuna shingo.

"Kihamishiwe hapa shuleni," Mwenyekiti akaamua. "Kiwekewe uzio, kisomwe na watu watatu. Na Bwana Shamba atachimba mbele ya macho yetu, tuone udongo kwenye kucha zake. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda, mmoja mmoja, mpaka ikajaa.

"Na Bibi asisogee na kikombe!" mtu akapiga kelele.

"Hata glasi?" Bibi akauliza.

Pakiti hakucheka. "Sawa, nyie mna nusu. Mzee hana. Alipanda zote. Mzee, makubaliano yetu yako palepale."

Milimita akashuka kwenye dawati, akamfuata baba yake.

"Baba, ulipanda zote kwa nini?"

Baba akaitazama sakafu.

"Kwa sababu ilikuwa namba yako," alisema. "Ulipoanza, watu walikucheka. Binti mzima anachungulia chupa! Siku ile ikafika arobaini na mbili. Nikataka waone kwamba baba yako anakuamini yote, habakizi nusu."

Hapo ndipo Milimita, aliyebishana na darasa zima macho makavu, machozi yalipomtoka. Akapiga magoti.

"Nisamehe, Baba. Nusu ya mbegu za kishamba changu iko ghalani. Ichukue yote. Lakini utapanda siku nitakayokwambia mimi."

"Unaniamrisha?"

"Ndiyo, nakuamrisha, nikiwa nimepiga magoti."

Baba akamtazama, mdomo ukamcheza. Akamgeukia Pakiti.

"Kijana, rudi na mbegu zako. Nimepata za mtu asiyetaka kichwa cha mtu."

"Mzee, utajuta!"

"Nimezoea kujuta, hiyo haitakuwa mara ya kwanza." Kisha akamwita Bwana Shamba kwa kidole. "Na wewe unayependa bila kuchimba. Shamba langu lina mteremko, maji yakija yanapita kama yana haraka ya safari. Si unatuhubiria kila siku tuchimbe mashimo ya kupandia, yashike maji? Kachimbe. Shamba zima, kwa mikono yako."

"Nitachimba, Mzee."

"Ukimaliza ndiyo utajua utaniitaje."

Bwana Shamba akamsogelea Milimita. Madawati yenyewe yakaacha kulia.

"Nimesema nakupenda mbele ya watu wote hawa. Nataka kukuoa. Unasemaje?"

"Nimesikia. Jibu utalipata ikifika thelathini."

"Milimita jamani, isiponyesha?"

"Utakuwa umechimba mashimo mengi sana. Mimi sijibu kwa mvua ya kikombe."

Akachimba. Kila jioni akitoka kazini, na Jumapili kutwa. Siku ya tatu viganja vikapasuka, siku ya sita akaacha kuvionyesha kwa watu. Baba anakaa pembeni na fimbo, anapima kina: "Hili fupi. Rudia." Majirani walikuja kucheka. Wakatazama. Wakaenda kuchukua majembe, nao wakaanza kuchimba kwao, kila mmoja akidai mashimo yake yamenyooka zaidi ya yale ya mtu wa ofisini.

Siku ya kumi na tisa mawingu yakajikusanya tangu asubuhi. Mvua ikashuka mchana, ikatulia jioni, ikarudi alfajiri bila vishindo, ile mvua isiyojisifu. Saa tatu, Milimita na wenzake wawili waliinama mbele ya uzio wa shule. Wakasoma mmoja mmoja, wakatazamana.

Simu ya Bwana Shamba ikalia kwa ujumbe:

"Tarehe ishirini na nne. Milimita 31. Maji hayana povu, nimeyaonja. Upepo kidogo. Maoni: ndiyo. Lakini mimi sihami, kipima changu kiko hapa. Wewe ndiye utakayehamia. Njoo na kijiti."

Alifika shambani kwa Baba amelowa hadi soksi. Akaitupa pikipiki kando, akapita mbele ya Milimita, mbele ya Baba, mbele ya Bibi aliyekwisha kunyoosha mkono wa salamu, akaenda moja kwa moja kwenye shimo la kwanza, akapiga magoti kwenye tope.

"Mkwe gani huyu, anasalimia udongo kabla ya watu!" Bibi akalalamika.

"Mwache, Bibi," alisema Milimita. "Ndiye niliyemtaka."

Kijiti kikazama polepole mpaka alama nyekundu ikapotea. Akachimba kwa mkono, akatoa donge jeusi la udongo, akalifinya. Likashikana. Akainua uso, kucha zimejaa tope, anacheka peke yake.

"Imefika."

"Una uhakika?" Milimita akauliza.

"Njoo uchimbe mwenyewe."

Akaenda, akapiga magoti upande wa pili wa shimo, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Huko chini vidole vyao vikakutana, na hakuna aliyeutoa mkono wake.

Baba akakohoa nyuma yao, mfuko wa mbegu begani.

"Mnapanda, au niwaitie Bibi alete kikombe?"

"Panda, Baba," alisema Milimita bila kugeuka. "Na safari hii panda nusu!"